Kasi ya usimbaji kwenye zabuni: tuulize imepimwa wapi, kwa kipande kipi na kwa saa ipi

Ndugu Mhariri,

Tangu Kenya ipitishe Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, hati za zabuni za seva na ruta zimeanza kubeba sharti la usimbaji, yaani kuifunga data kwa ufunguo ili asiye na ufunguo asiisome: diski isimbwe, mawasiliano ya makao makuu na matawi yasimbwe, na kifaa kiweze kuifanya kazi hiyo kwa kasi fulani. Sharti lenyewe hatuna ugomvi nalo. Ugomvi wetu ni hiyo kasi. Muuzaji huleta karatasi yenye namba moja kubwa, kamati ya tathmini huiweka kando ya namba ya mwenzake, na mwenye kubwa hupewa kazi. Namba hiyo mara nyingi haisemi lolote, maana haitaji imepimwa kupitia kiolesura kipi (mlango wa kuombea huduma) cha kerneli, ile programu kiini ya mfumo endeshi, kwa vipande vya baiti ngapi, wala kwa saa ipi, ya ukutani au ya prosesa. Tunaomba nafasi tulieleze jambo hili kwa kirefu kidogo, kwa kuwa mafundi wa TEHAMA wa halmashauri, hospitali na SACCOS ni wasomaji wako, na wao ndio wanaotakiwa kuweka saini.

Kwanza tujue kazi inafanyikia wapi. Ndani ya kerneli ya Linux kuna mfumo kamili wa usimbaji. Unatumiwa na dm-crypt inayosimba diski, na IPsec inayosimba pakiti za mtandao, na fscrypt inayosimba faili mojamoja. Hao wote wamo humo humo ndani, hawavuki mpaka wowote. Programu ya kawaida, iliyo nje ya kerneli, ikitaka huduma ileile ina njia mbili: soketi za AF_ALG, zilizoingia kwenye toleo la 2.6.38 mwaka 2011, na kifaa cha /dev/crypto kinacholetwa na cryptodev-linux, moduli inayojengwa kando ya kerneli rasmi kwa kufuata mtindo wa OpenBSD. Halafu ipo njia ya tatu isiyoigusa kerneli kabisa. Maktaba kama OpenSSL huita moja kwa moja maagizo ya AES (kanuni ya usimbaji inayotumika sana) yaliyomo ndani ya prosesa, na maagizo hayo hayahitaji ruhusa ya kerneli. Prosesa ikiwa nayo, njia hii ya tatu ndiyo ya kasi zaidi kwa programu ya kawaida. Anayekuuzia AF_ALG kama kiongeza kasi kwenye seva ya Intel au AMD ya leo anakuuzia mzunguko.

Njia mbili za kwanza zina kazi pale palipo na kichapuzi cha usimbaji, yaani saketi maalumu ya kuharakisha kazi hiyo, kilicho nje ya CPU, kama CAAM kwenye chipu za i.MX za NXP au CESA kwenye chipu za Marvell zilizojaa ndani ya ruta ndogo na hifadhi za ofisini. Kichapuzi cha namna hiyo kinashikwa na kerneli, hivyo programu haiwezi kukifikia bila kupita kwake. Hapo ndipo upimaji unapokuwa mgumu, na hapo ndipo namba za ajabu zinapozaliwa.

Chanzo kikubwa cha namba hizo ni amri ambayo kila fundi anaijua: openssl speed. Amri hii, ikiachwa ilivyo, haihesabu muda uliopita kwa saa. Inahesabu muda ambao prosesa ilitumia ndani ya programu yenyewe tu. Muda uliotumika ndani ya kerneli haumo, na muda wa kusubiri kichapuzi kimalize kazi haumo vilevile. Kwa usimbaji unaofanyika ndani ya maktaba hakuna hasara, kwani muda wote uko kwenye programu. Lakini ukishapeleka kazi kwenye kerneli, karibu muda wote wa kazi unatoweka kwenye hesabu. Tuchukue mfano wa kubuni: jaribio limekwenda sekunde 3 kamili, zimesimbwa megabaiti 150, na programu yenyewe imetumia sekunde 0.05 za prosesa, zilizobaki zote zikiwa za kerneli na kusubiri. Kasi ya kweli ni megabaiti 50 kwa sekunde. Amri itagawanya 150 kwa 0.05 na kuandika megabaiti 3,000 kwa sekunde. Hakuna aliyedanganya kwa makusudi, ila ruta ya mfukoni imeishinda seva.

Dawa yake ni neno moja tu kwenye amri:

openssl speed -elapsed -engine afalg -evp aes-128-cbc

Neno -elapsed ndilo linaloiambia ihesabu muda uliopita kweli. Na kama umeletewa matokeo yaliyokwisha kupimwa, usiangalie jedwali la mwisho. Panda juu kwenye mistari ya kila kipande: baada ya idadi ya operesheni huandikwa muda uliohesabiwa. Jaribio la sekunde 3 linapaswa kuonyesha 2.9 na ushee au 3.00. Ukikuta 0.05 au 0.31, karatasi hiyo irudishwe. Muuzaji aliyekata mistari hiyo na kukuletea jedwali tupu naye arudishwe akailete.

Mtego wa pili umo kwenye amri hiyohiyo. Injini ya afalg ndani ya OpenSSL, yaani kiungo chake cha kupeleka kazi AF_ALG, inajua AES ya CBC peke yake (CBC ni mmoja wa mitindo ya kuitumia AES; GCM na XTS ni mingine), kwa funguo za biti 128, 192 na 256. Ukiiomba GCM, jaribio halikatai. Maktaba inaifanya kazi yenyewe, nawe unaandika kwenye ripoti kwamba kerneli imefikia kasi ile. Vivyo hivyo injini ikishindwa kupakiwa, pengine kwa sababu kerneli ni ya kabla ya 4.1 au OpenSSL ya kifaa hicho imejengwa bila injini, ujumbe wa kosa unapita juu ya skrini na jaribio linaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Njia ya uhakika ni kuiendesha amri chini ya strace, chombo kinachoonyesha miito ya programu kwa kerneli, kwa sekunde chache na kuangalia miito hiyo. Huoni soketi ya AF_ALG ikifunguliwa, basi hujapima kerneli. Strace yenyewe inapunguza kasi mno, kwa hiyo itumike kuthibitisha njia tu, kisha iondolewe ndipo kipimo kianze.

Jingine dogo kwenye jedwali lilelile: herufi k ya OpenSSL ni baiti 1,000, wakati cryptsetup huandika MiB, yaani baiti 1,048,576. Tofauti inakaribia asilimia 5. Zabuni zimeshindwa kwa pungufu ya hapo.

Sasa tuje kwenye ukubwa wa kipande, ambao kwa maoni yetu ndio moyo wa suala lote. Kila operesheni inayopita kwenye kiolesura ina gharama ya kudumu isiyojali ukubwa wa data: kuingia kerneli, kukagua maombi, kuandaa kumbukumbu, kuamsha kichapuzi, kusubiri kikatizo, kurudi. Ni sawa na kutuma bodaboda sokoni: alete nyanya moja au ndoo nzima, nauli ni ileile. Juu ya nauli hiyo ndipo inakuja gharama ya kila baiti. Tuseme nauli ni mikrosekunde 2, na usimbaji wenyewe unakwenda gigabaiti 1 kwa sekunde. Kwa vipande vya baiti 16 utapata kama megabaiti 8 kwa sekunde. Kwa baiti 1,500, yaani karibu na pakiti ya kawaida ya mtandao, utapata 429. Kwa baiti 16,384 utapata 891. Kifaa ni kimoja, amri ni moja, na namba zote tatu ni za kweli. Inayochapishwa kwenye kipeperushi ni 891, na simu za ofisi zinazopita kwenye IPsec kwa pakiti ndogo za sauti hazitaiona kamwe.

Ndiyo maana tunashauri jedwali lote lidaiwe, kuanzia baiti 16 hadi 16,384, kisha fundi apige hesabu mwenyewe. Chukua vipande viwili, kimoja kidogo na kimoja kikubwa. Geuza kila kasi kuwa muda wa operesheni moja. Toa muda mdogo kwenye mkubwa. Gawanya kwa tofauti ya baiti. Umepata gharama ya baiti moja. Iliyobaki baada ya kuiondoa kwenye muda wa kipande kidogo ndiyo nauli ya kiolesura. Namba hizi mbili zinakwambia mengi kuliko jedwali zima, kwa sababu sasa unaweza kukisia kasi ya ukubwa wowote wa data unaoutumia, na unaweza kuona ni wapi kichapuzi kinaanza kuishinda CPU. Chini ya mpaka huo kichapuzi ni mzigo. Kwenye vifaa vingi vidogo kazi ya pakiti fupi ni afadhali iachiwe CPU.

Kati ya AF_ALG na /dev/crypto nauli hazilingani. AF_ALG inataka angalau miito miwili kwa kila operesheni, mmoja wa kutuma data pamoja na maelekezo ya kusimba au kusimbua na thamani ya kuanzia, na mwingine wa kusoma jibu. /dev/crypto inamaliza kwa mwito mmoja wa ioctl, CIOCCRYPT, na inaweza kufanya kazi moja kwa moja juu ya kumbukumbu ya programu bila kunakili. Lakini bafa, yaani eneo la kumbukumbu lenye data, ianze kwenye anwani inayogawanyika kama dereva (programu ya kerneli inayofanya au kuendesha usimbaji) anavyotaka, na programu inaweza kuuliza matakwa hayo kupitia CIOCGSESSINFO. Bafa iliyokaa upande inalazimu kunakili, kasi inashuka, na programu haitapewa onyo lolote. AF_ALG nayo ina njia ya kukwepa kunakili kwa vmsplice na splice, ila kwa kurasa 16 kwa mkupuo, yaani baiti 65,536 kwa kurasa za kawaida. Kwa data ndogo usijisumbue: kushikilia ukurasa na kuuachia ni ghali kuliko kunakili baiti mia mbili.

Kabla ya kupima chochote, fungua /proc/crypto. Faili hiyo inaorodhesha kila kanuni na madereva wake, kila mmoja na kipaumbele chake, na mwenye kipaumbele kikubwa ndiye anayechaguliwa. Ukikuta AES ina aes-generic peke yake, yenye kipaumbele 100, unakaribia kupima programu tupu ya C isiyotumia maagizo ya prosesa. Sababu mara nyingi ni mbili. Ya kwanza, moduli ya aesni_intel haijapakiwa. Ya pili, na hii inawaponza wengi wanaokodi seva pepe, mashine imepewa aina ya CPU isiyoonyesha alama ya aes kwenye /proc/cpuinfo, ingawa prosesa halisi chini yake inayo. Kwenye QEMU, programu ya kuendesha mashine pepe, aina ya qemu64 hufanya hivyo. Chaguo la -cpu host huondoa tatizo. Angalia pia mstari wa selftest uwe umeandikwa passed, na mstari wa async: ukiwa yes, kipimo kinachotuma ombi moja na kusubiri jibu kitamwonea dereva huyo.

Kwenye mbao ndogo za ARM usidhani biti 64 zinatosha. Maagizo ya AES ni nyongeza ya hiari. Raspberry Pi 3 na 4 hazina; Raspberry Pi 5 inayo. Aliyeandika zabuni ya "Raspberry Pi au inayolingana nayo" kwa ajili ya VPN ya matawi ameruhusu tofauti kubwa ya kasi bila kujua.

Hapa tupenyeze la simu, maana linawagusa wengi zaidi kuliko seva. Android 6.0 ilidai usimbaji wa hifadhi kwa vifaa vilivyoweza AES ya zaidi ya MiB 50 kwa sekunde. Simu za bei ya chini hazikufika hapo, zikaachwa bila kulindwa. Watu wa Google, Paul Crowley na Eric Biggers, wakaleta Adiantum, mtindo wa usimbaji kwa prosesa zisizo na maagizo ya AES, ulioingia Linux 5.0 mwaka 2019. Kwenye prosesa ya ARM Cortex-A7, Adiantum husimbua vipande vya baiti 4,096 kwa mizunguko 10.6 kwa baiti, zaidi ya mara tano ya kasi ya AES-256-XTS kwenye prosesa hiyohiyo. Tazama walivyoitaja: prosesa, ukubwa wa kipande, mizunguko kwa baiti, na wanalinganisha na nini. Hiyo ndiyo namba inayoweza kuhojiwa.

Kipaumbele cha /proc/crypto nacho kina hekima yake. Mwaka 2024, kerneli 6.10 ilipoongezewa AES-XTS zinazotumia rejista pana za biti 512, toleo hilo lilipewa kipaumbele cha 1 tu kwenye baadhi ya prosesa za Intel, Ice Lake zikiwemo, kwa sababu rejista hizo hushusha kasi ya prosesa na kuziumiza programu nyingine zilizo juu yake. Kwenye jaribio fupi toleo hilo lingeng'ara. Kwenye seva yenye kazi nyingine lingekuwa hasara, na jaribio la usimbaji pekee haliwezi kukuonyesha.

Ukitaka kupima ndani ya kerneli bila kuvuka mpaka, chombo ni moduli ya tcrypt:

modprobe tcrypt mode=200 sec=1

Namba 200 ni AES ya mitindo mbalimbali, 211 ni GCM ya mtindo wa IPsec, na 500 ni ya madereva yasiyosubiri. Amri itamaliza kwa kulalamika kwamba rasilimali haipatikani kwa sasa. Usishtuke, moduli imekataa kubaki kwa makusudi ili usihitaji kuiondoa kabla ya kuirudia. Matokeo yako kwenye dmesg, nayo ni marefu kiasi kwamba bafa ya kumbukumbu za kerneli ikiwa ndogo mistari ya mwanzo inafutwa, hivyo fungua dmesg -w kwenye dirisha la pili kabla ya kuanza. sec=1 inapima kwa sekunde nzima kila kipande. Ukiacha sec=0, inapasha moto kwa operesheni 4, kisha inapima 8 na kutoa wastani wa mizunguko: inafaa kulinganisha dereva na dereva, haifai kukadiria uwezo, kwa kuwa data yote imekaa kwenye kashe. Kwa kichapuzi, ombi moja moja halitoshi; tumia mode=600 na num_mb=8 ili maombi manane yawe njiani kwa pamoja. Na tafadhali tcrypt isiendeshwe kwenye seva inayohudumia watu. Si chombo cha huko.

Kwa diski, mafundi wengi hukimbilia cryptsetup benchmark. Ni amri nzuri ya dakika moja, na yenyewe inasema mwanzoni kwamba inapima kumbukumbu tu bila diski. Haisemi kwamba inapita AF_ALG kwa vipande vya baiti 65,536, wakati dm-crypt husimba sekta kwa sekta, baiti 512 kila moja na thamani yake ya kuanzia, isipokuwa LUKS2 (muundo wa diski iliyosimbwa) iwe imeumbwa na sekta za baiti 4,096, ama kwa --sector-size 4096 ama kwa cryptsetup za karibuni kuuchagua ukubwa huo zenyewe. Jedwali lake linataka macho. aes-xts ya 512b ni AES-256, kwa sababu XTS hutumia funguo mbili. Kuilinganisha na aes-cbc ya 256b ni sahihi, kulinganisha 256b na 256b ni kosa. Na kwenye aes-cbc utaona kusimbua kunakwenda kasi mara kadhaa ya kusimba. Si hitilafu: CBC ikisimba, kila kipande cha baiti 16 lazima kingoje kilichotangulia kiishe, ikisimbua, vyote vipo tayari na prosesa inaviendesha kadhaa kwa wakati mmoja. Muuzaji akikupa namba ya CBC, muulize ni ya upande upi.

Kasi ya usimbaji ikishajulikana bado hujajua kasi ya diski iliyosimbwa. Mwaka 2020 Cloudflare walieleza hadharani jinsi diski zao zilivyokuwa zikichelewa chini ya dm-crypt wakati AES yenyewe ilikuwa na kasi ya kutosha. Chanzo kilikuwa foleni: kila ombi lilihamishwa kutoka foleni moja ya kerneli hadi nyingine kabla na baada ya kusimbwa. Kazi hiyo ndiyo iliyoleta chaguo za no_read_workqueue na no_write_workqueue kwenye Linux 5.9. Hakuna jaribio la usimbaji mtupu lingeliona tatizo lile.

Kulipima kwako, tengeneza diski ya kumbukumbu ili diski halisi isiingilie:

modprobe brd rd_nr=1 rd_size=4194304

Hiyo inakupa /dev/ram0 ya GiB 4, kwa hiyo mashine iwe na kumbukumbu ya ziada, isije ikaanza kusukuma kurasa kwenye diski katikati ya kipimo. Ijaze kwanza kwa dd mpaka mwisho. Hatua hii hurukwa sana, na kosa lake ni baya: ukurasa ambao haujawahi kuandikwa hurudishwa kama sifuri bila kusomwa popote, na usomaji unaonekana wa kasi ya uongo. Endesha fio, programu ya kupima kasi ya diski, juu ya /dev/ram0 ukiwa na --direct=1 --bs=4k --ioengine=libaio --iodepth=16 --runtime=60 --time_based, mara moja kusoma na mara moja kuandika. Kisha fanya cryptsetup luksFormat na open juu ya diski hiyohiyo, ukihakikisha mara mbili jina la kifaa kwa kuwa luksFormat haina huruma na data iliyopo. Jaza tena kupitia /dev/mapper, urudie fio ileile. Funga, ufungue tena kwa --perf-no_read_workqueue na --perf-no_write_workqueue, urudie. Tofauti ya vipimo hivi vitatu ndiyo bei ya usimbaji kwenye mashine yako. Kwenye baadhi ya mashine kuziondoa foleni kunasaidia sana, kwenye nyingine kunadhuru, hasa ambapo usimbaji ni wa polepole na ombi moja linaishikilia CPU muda mrefu.

Mazingira ya kipimo tutayapitia haraka. Gavana wa kasi ya CPU, yaani sehemu ya kerneli inayoipandisha na kuishusha kasi hiyo, awekwe performance kwa cpupower. Jaribio lifungwe kwenye kiini kimoja kwa taskset, kisha lirudiwe kwa viini vyote. Kasi ya ziada ya muda, ile ya turbo, izimwe au itajwe kwamba iliwashwa. Kifaa kisicho na feni kipimwe kwa dakika nyingi na si sekunde 3, tena ndani ya kabati lake: joto likipanda kasi hushuka, na chumba cha seva cha Dodoma mwezi Novemba si maabara ya mtengenezaji. Rudia vipimo, toa cha katikati pamoja na cha juu na cha chini.

Suala la ulinzi wa prosesa tulitaje kwa jina. Baada ya kasoro za Meltdown na Spectre kutangazwa Januari 2018, kinga zake ziliongeza gharama ya kuvuka kati ya programu na kerneli, yaani nauli ileile tuliyoipima hapo juu. Ukiwasha mashine kwa mitigations=off, AF_ALG na /dev/crypto zinanenepa kwa vipande vidogo. Kupima hivyo halafu kuuza mashine itakayotumika na kinga zikiwa zimewashwa ni kuuza kisichokuwepo. Nakala ya /proc/cmdline na yaliyomo kwenye /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities iambatishwe.

Wapo watakaosema muda wa prosesa una maana yake, na ni kweli. Faida halisi ya kichapuzi kwenye kifaa kidogo huwa ni kuiachia CPU nafasi, hata kama kasi yenyewe haikupanda. Ruta inayosimba megabaiti 80 kwa sekunde huku CPU ikitumika asilimia 15 inaweza kuwa bora kuliko inayofikia 100 na kuishiwa pumzi. Lakini basi zitolewe namba mbili kando kwa kando: kasi kwa saa, na matumizi ya CPU ya mfumo mzima katika muda huohuo, kerneli na vikatizo vikiwemo, kwa mpstat au perf stat -a. Kuchanganya data ya muda wote na muda wa programu peke yake si kipimo cha lolote kati ya hayo mawili.

Na kabla ya kasi, usahihi. Simba faili moja kwa njia ya kerneli na kwa njia ya maktaba, ufunguo na thamani ya kuanzia zikiwa zilezile, kisha linganisha kwa cmp. Tumia faili zenye urefu usiogawanyika kwa 16, na zilizo ndogo kuliko ukurasa, kwani madereva ya vichapuzi huteleza kwenye ncha hizo na si katikati.

Tunachoomba kwa taasisi zinazonunua ni kidogo. Kwenye jedwali la vigezo, baada ya safu ya kasi, ziongezwe safu nne: amri kamili iliyotumika, ukubwa wa kipande, toleo la kerneli, na dereva aliyeonekana kwenye /proc/crypto. Matokeo ghafi yaletwe kama faili la maandishi, yasiletwe kama picha. Na siku ya kupokea vifaa, fundi wa taasisi aendeshe amri hiyohiyo mbele ya muuzaji kabla hati ya mapokezi haijasainiwa. Openssl speed kwa vipande sita vya sekunde tatu tatu haifiki hata nusu dakika.

Wahandisi wa mifumo,
Dar es Salaam